Mwendo wa Kutwanga Wawili

Mbinga,
8 Aprili 2024

Mwanangu Serafina,

Marahaba ya mapema, maana najua utaanza na shikamoo, nami sina subira ya kungoja barua irudi ndipo niitikie.

Wimbo huu hapa. Kurasa nne, nimenakili kwa mkono wangu, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue ni uzee, si mtindo. Ni wa Jubilei ya kigango chetu cha Lundo, Jumapili ya tarehe 4 Agosti, kama nilivyokuahidi siku tuliyomzika mama yako. Asteria aliimba alto miaka ishirini na miwili bila kuniudhi hata mara moja, na watu wa namna hiyo kwenye kwaya ni wachache. Unaitwa "Ulitungoja Ufukweni". Maneno nimeyatoa kwenye ile Injili ya baada ya Pasaka: Bwana yuko ufukweni, moto umewaka, samaki wako juu yake, na wenzake bado wanahangaika majini.

Soma juu kabisa, kabla ya nota. Nimeandika: mwendo wa kutwanga wawili. Usiuruke mstari huo kama wanavyouruka watu wa siku hizi. Sina mashine ya kupima mapigo, na hata ningekuwa nayo nisingekutumia namba. Namba haina mwili. Wewe na mama yako mmetwanga mihogo katika kinu kimoja tangu ukiwa na miaka tisa. Mchi wako ukishuka, wake unapanda. Huo ndio mwendo ninaoutaka. Mtu anayetwanga peke yake hukimbia au huzubaa apendavyo, lakini wawili hawawezi, michi itagongana.

Besi wana mstari wao peke yao. Nyinyi wengine mkishaimba "Ulitungoja" mnanyamaza mapigo manne, besi wanajibu "ukatungoja", chini kabisa, ndipo wote mnaendelea. Wimbo mzima umesimama juu ya mapigo hayo manne. Kwa hiyo mwambie Placidi asichelewe. Tangu nimfahamu huingia nyuma ya wenzake, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Unakumbuka Krismasi ile, kabla sijahamia huku kwa Sixbert mwanangu, nilivyosimamisha wimbo nikamwambia mbele ya Paroko akae chini, yeye ni nanga ya kwaya? Ilimsaidia. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba baada ya wiki mbili alirudi amekuwa mwepesi.

Kwaya ya hapa ina watu sitini. Kazi ni nyingi. Usinipigie simu, muziki haufundishwi kwa kupayuka kwenye simu. Barua mpe Hamphrey, konda wa basi dogo la Mbamba Bay, ataifikisha.

Mwalimu wako,
Baltazar


Lundo,
21 Aprili 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, ila mkono wangu haujui kuanza barua namna nyingine.

Wimbo umefika salama, Hamphrey aliuweka ndani ya shati usilowe. Nimeusoma mezani nikiwa nimekalia kigoda cha mama. Nilipofika kwenye mstari wa alto nilifunga karatasi kwanza, nikaenda kuchota maji, ndipo nikarudi.

Wanakwaya wamefurahi sana na tumeanza ukurasa wa kwanza. Placidi anakusalimu.

Nina maswali mawili. La kwanza: tukifika penye p, pa kushusha sauti, wimbo unapoa na kuzubaa mpaka karibu ufe, na tukifika penye f, pa kupaza, unakimbia. Nakemea lakini haisaidii. Kwa nini? La pili: ikitokea besi wamesafiri siku hiyo, alto inaweza kuuimba mstari wao? Nauliza tu.

Mume wangu Wendelini bado yuko Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe. Huja mwisho wa mwezi akipata nafasi, na mara nyingi haipati.

Mwanao,
Serafina


Mbinga,
5 Mei 2024

Serafina,

Kosa hilo wanalo wote, hata hawa wa mjini. Mtu akiambiwa apunguze sauti hupunguza na mwendo. Akiambiwa apaze sauti, mbio. Anadhani ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na kuvitenganisha ndiyo kazi yote ya mwalimu wa kwaya.

Mwangalie mama anayebembeleza mtoto. Mwanzo anaimba kwa sauti, na mkono unampigapiga mtoto mgongoni. Mtoto anaanza kusinzia, sauti inashuka, inashuka, mwisho anavuma puani tu. Mkono je? Mkono uko vile vile. Ukibadilika, mtoto anafumbua macho. Hiyo ndiyo p, na ukiona p mbili ni mama yule yule dakika ya mwisho kabla hajamlaza. Basi fanya hivi: wote wapige mapaja kwa viganja, wewe uwaamuru kupaza na kushusha sauti. Atakayebadilisha kiganja atoke nje, aende mbio kuzunguka kanisa, arudi. Mimi huku nawafanyia hivyo, na watu wazima wenye magari yao wanazunguka kanisa.

Kuhusu besi kusafiri: hapana. Alto haiwezi kujibu mstari ule, itakuwa mtu anajiuliza na kujijibu. Wazuie wasisafiri. Tena shika sheria yangu ya siku zote, kwaya haimngoji mtu. Aliyechelewa ataukuta wimbo mbele. Ukimngoja mmoja umewapoteza arobaini.

Placidi ananisalimu kupitia kwako kila mara, lakini yeye mwenyewe hajaniandikia hata mstari. Mwambie nimesema hivyo.

Baltazar


Lundo,
19 Mei 2024
(Hii sitaituma.)

Mwalimu,

Placidi hakurudi. Nilikudanganya mara ya kwanza ulipokuwa umetoka kumzika mke wako na kufungasha vitu vyako, nikaona si wakati wa kukuongezea. Baadaye uongo ukazoea, ukawa unajiandika wenyewe.

Siku ile ulipomwambia akae chini, alikaa, na hajasimama tena kuimba. Mdogo wake na mashemeji zake wawili walikaa pamoja naye, na hao ndio waliokuwa besi yote. Wengine wakapungua mmoja mmoja, huyu Ngaka, huyu Songea, yule kaolewa Mbamba Bay. Mama akafa. Sasa kwaya ni mimi na Bibi Dafrosa, ambaye sikio moja halisikii na hujibu "amina" katikati ya ubeti. Kila Jumamosi nafungua kanisa, napanga mabenchi manne kama ulivyokuwa ukiyapanga, nakaa. Bibi Dafrosa akija tunaimba. Asipokuja naimba sauti ya kwanza peke yangu, na nikifika mahali pa sauti nyingine nanyamaza nisikilize. Swali la p lilikuwa langu mimi. Ni mimi ninayezubaa, ni mimi ninayekimbia. Nimelizunguka kanisa peke yangu.

Natwanga peke yangu pia. Nimeujaribu mwendo wako na sijaupata. Mchi wangu ukipanda hakuna unaoshuka, basi naharakisha nimalize.

Nimeogopa, Mwalimu. Tarehe nne Agosti watatuita na nitasimama mimi, na wimbo uliomtungia mama hautaimbwa, na wewe utajua kwamba miaka miwili na zaidi nimekuwa nikikuandikia habari za kwaya ambayo haipo. Na nisipokuwa na kwaya, nitakuandikia nini? Barua zako ndizo sauti pekee iliyobaki humu ndani.

Serafina


Lundo,
20 Mei 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Mazoezi yanaendelea. Kuzunguka kanisa kumesaidia kidogo. Bibi Dafrosa anakusalimu, besi hawajambo.

Kuna kigango cha jirani wana kwaya ndogo sana, watu wawili watatu hivi. Mwalimu wao ameniuliza: watu wachache namna hiyo wanaweza kuwa na f na p, au wao ni sauti ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho?

Mwanao,
Serafina


Mbinga,
9 Juni 2024

Serafina,

Marahaba. Mwambie mwalimu wa kigango cha jirani kwamba ameuliza swali ambalo wenye kwaya kubwa hawajawahi kuniuliza.

Nguvu ya sauti haihesabiwi kwa vichwa. Hupimwa kutoka pale ulipokuwa kabla. Nyumba ikiwa na giza, kibatari kimoja kinatosha kukuonyesha sufuria ilipo. Aanze chini kuliko anavyodhani anaweza, mtu wa benchi la tatu ainamishe kichwa ndipo asikie. Kisha apande ngazi moja tu, moja. Watu watashtuka. Sisi huku tuko sitini, tuna spika nne na kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, na tangu Januari sijasikia f hata moja kwa sababu hakuna anayeshuka. Wanaanzia juu, wanamalizia juu. Na kinanda hicho kikishawashwa hakimsikilizi mtu. Ukivuta pumzi kimeshaondoka. Wa benchi la nyuma wanabaki na nusu ya neno mdomoni.

Baridi ya Juni imeingia. Kahawa zimeiva, nyumba nzima inashinda shambani, mchana nabaki na redio.

Niandikie zaidi kuhusu kigango hicho. Hukunitajia jina lake.

Baltazar


Lundo,
30 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Wendelini alikuja juzi. Jumamosi ya wiki iliyopita lori lao liliharibika hapo Mbinga, wakalala, na Jumapili akasema acha nikamsalimie Mwalimu kanisani. Alikutafuta mbele, kwa wanakwaya. Hukuwepo. Alikukuta benchi la mwisho karibu na mlango, una mkongojo, mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia unapiga mapigo kwenye goti. Anasema kinanda kilikuwa kimeshatangulia na wewe ulikuwa unaufuata mwendo wako mwenyewe. Alipokuamkia ulimjibu, na hakuelewa hata neno moja. Ukageuza uso. Wendelini si mtu wa maneno, lakini aliponisimulia alisimama kwanza akaenda kuangalia banda la kuku ambalo halina kuku.

Kumbe ndiyo maana ya "usinipigie simu".

Nimekasirika. Nasema wazi nimekasirika. Mimi ni nani kwako, mpaka niambiwe na dereva aliyeharibikiwa lori? Ulikuja kumzika mama, ukaahidi wimbo ukiwa na mdomo mzima, na yaliyokupata baada ya hapo nimefichwa kama mpita njia.

Nimeandika hayo kisha nimeona aibu, kwa sababu na mimi ninayo yangu. Naambatisha barua ya tarehe 19 Mei ambayo sikuituma. Ukishaisoma, kigango cha jirani utakijua jina lake.

Serafina


Mbinga,
14 Julai 2024

Mwanangu Serafina,

Marahaba.

Nimeisoma mara nne, halafu nikakaa siku kumi bila kushika kalamu. Nilitaka kukukaripia na sikupata pa kuanzia.

Ilikuwa Septemba, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yako. Nilianguka uani nikichota maji ya kunawa. Upande wa kushoto ulikataa, na mdomo ukaenda nao. Mkono wa kalamu ulibaki mzima, nashukuru. Kwaya ya watu sitini ipo, nami niliiongoza kweli mpaka siku hiyo. Januari nilirudi na mkongojo, nikaomba kusimama na besi tu. Kijana aliyeipokea anaitwa Elias, ana adabu zake. Wimbo ukiwa katikati alizima kinanda akasema mbele ya wote, "Mzee, naomba upumzike kwenye benchi, unatuchelewesha." Alisema kwa upole kuliko nilivyosema mimi. Nikatembea kutoka mbele mpaka nyuma, watu sitini wananiangalia mgongo, mkongojo unalia kwenye sakafu, na njia nzima nilikuwa namfikiria Placidi.

Sikujua, Serafina. Nilidhani nimemfundisha. Kumbe besi nne zilikaa chini siku moja kwa ulimi wangu, na wewe umenibebea hilo miaka yote hii usije ukaniumiza. Hao watu wazima wanaozunguka kanisa niliwatunga. Nilitaka uendelee kuniuliza maswali, maana hakuna mwingine anayeniuliza.

Ndani kuna bahasha ndogo ya Placidi. Usiifungue. Mpe mkononi.

Kuja siwezi. Sixbert amekataa, daktari amekataa, na miguu yenyewe imekataa bila kuulizwa. Basi nisikilize. Nimeandika upya ukurasa mmoja, sauti moja, yako. Mapigo manne ya besi sikuyaondoa. Usiyajaze. Usivume, usirudie neno, usikimbie kwa kuona haya. Fumba mdomo, hesabu nne kamili, watu wakutazame. Beti ni tatu. Wa mwisho ni p mbili, na mkono uko mgongoni mwa mtoto, hauzubai. Ukimaliza hivyo utakuwa umeuimba wimbo wangu wote, hujapunguza kitu.

Na uniandikie. Kwaya haikuwa sababu.

Baltazar


Lundo,
6 Agosti 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Niliimba.

Nianze na bahasha. Nilimkuta Placidi ufukweni anachonga mtumbwi, kama siku zote. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaniuliza kama Wendelini hajambo. Nikasema hajambo. Akaendelea kuchonga.

Jumapili watu walijaa mpaka nje. Wa Ngaka walikuja, wa Songea walikuja, vitenge vya Jubilei sare moja, hata wale waliokuwa wakiimba nasi wakahama niliwaona wamekaa na watoto wao. Kwaya za wageni ziliimba kwanza, wana ngoma, wana kinanda, watu wakapiga vigelegele. Kisha katekista akasema, "Sasa kwaya yetu wenyeji," nikasimama mimi. Bibi Dafrosa alikuwa na homa, ila aliletwa akaketi benchi la mbele. Nilisikia mtu anacheka nyuma.

Nilianzia chini kama ulivyosema. Nikaona vichwa vinainama. Nikaimba "Ulitungoja", nikafumba mdomo, nikahesabu. Mtoto alikohoa. Bati la paa lililia kwa jua. Moja, mbili, tatu, nne, na hakuna aliyejibu. Mwalimu, hakuna marefu kama hayo mapigo manne. Watu walidhani nimesahau, niliona wanavyonihurumia. Nikaendelea. Ubeti wa pili nikapanda ngazi moja tu, na mama mmoja alishtuka akaacha kujipepea, kwa hiyo uliyoyasema ni kweli. Nikafumba tena. Bibi Dafrosa akasema "amina". Hakuna mwingine. Miguu ilitaka kukimbia, Mwalimu, wimbo wote ulitaka kukimbia, nikakumbuka kinu chetu. Nilimsikia mama. Wangu umeshuka, basi wake unapanda, sina haki ya kuushusha tena mpaka upande. Ndipo nikaupata mwendo wako, mbele za watu, wala si mazoezini.

Ubeti wa tatu niliimba kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. "Ulitungoja." Nikafumba.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Ilikuwa zamu yangu kuendelea. Nikamwona Placidi. Benchi la mlangoni, amesimama, mkono uko juu ya mfuko wa shati, kifua kimejaa, mdomo umefunguka na sauti bado. Unajua anavyofanya.

Sheria yako naijua tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Lakini juu ya ukurasa umeandika kutwanga wawili, na katika kinu kimoja mwenzako akichelewa kuinua mchi, hushushi wako.

Tano. Sita.

Alichelewa mapigo mawili mazima, Mwalimu. Nikamngoja.

Mwanao,
Serafina